Ukikaa na swali la mekanika, anza na mtazamaji

Swali: Asalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni binti wa Wete, Pemba, niko mwaka wa kwanza chuoni Unguja, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Kidato cha sita nilifaulu vizuri, lakini mekanika ya chuo, lile somo la mwendo na kani, imenikalia vibaya. Darasani naelewa, mwalimu akifanya mfano namfuata mstari kwa mstari. Nikirudi dahalia nikakaa na maswali peke yangu sijui hata nianzie wapi. Muhula ujao tunaingia uhusianifu maalumu (special relativity), ile nadharia ya Einstein, na waliotutangulia wanasema somo lile ni la kukariri tu kwa sababu akili haikubali. Nifanye nini? Na je, ili nimwelewe Einstein inabidi nimsahau Newton?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Nianze na la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine. Usimsahau Newton. Wanafunzi niliowaona wakikwama kwenye uhusianifu walikuwa wameshakwama zamani, ndani ya mekanika yenyewe, ila mitihani haikuwaumbua, kwa sababu mekanika inaweza kufauliwa bila kueleweka. Ipo kazi moja ambayo mekanika inakudai kabla hujashika fomula yoyote: useme nani anatazama, na amesimama wapi. Ukiizoea kazi hiyo kwa kalamu, kila swali, hata pale unapoona haina maana, uhusianifu utaukuta umeshausoma nusu.

Kwa nini darasani unaelewa na dahalia unapotea? Kwa sababu kidato cha sita ulizoea kutambua. Umefanya karatasi za mitihani iliyopita mpaka ukiona kitu kimerushwa, mkono unaandika fomula wenyewe. Sikulaumu, wala siwalaumu walimu wako. Mtihani ndivyo ulivyotaka. Lakini swali la chuo linachanganya mambo matatu ambayo hujawahi kuyaona pamoja, na hapo hakuna cha kutambua. Mwalimu anapofanya mfano ubaoni, kazi ngumu ameshaimaliza kabla hajaandika mstari wa kwanza: ameamua anachunguza kitu gani, anaacha nini, mihimili anaielekeza wapi, saa anaianzisha lini. Wewe unaona hesabu tu, na hesabu ndiyo sehemu nyepesi.

Tulifanye moja pamoja, polepole. Twende Forodhani jioni maji yamejaa, vijana wanapiga makachu, yaani wanaruka majini kutoka ukutani. Chukua mmoja wao. Anakuja mbio, mita 5 kwa sekunde, anauacha ukuta akielekea mbele tu, si juu, na tuseme kutoka ukingoni hadi majini ni mita 4. Anaingia majini kwa kasi gani?

Najua mkono wako unataka kuandika. Uzuie. Chora kwanza: ukuta, uso wa maji, na kijana umfanye nukta. Kwenye nukta hiyo weka mishale ya kani zote zinazomvuta au kumsukuma baada ya kuuacha ukuta. Ni mmoja tu, uzito wake, kwenda chini. Zile mbio alizokuja nazo si kani, usizichoree mshale wa kani. Hili nalikuta hata kwenye karatasi za wanafunzi wazuri kabisa. Pembeni andika "hewa naiacha", ili baadaye ukumbuke kwamba ni wewe uliyechagua. Kisha andika kwa maneno kamili: "Mtazamaji ni mimi, nimesimama ukutani. Mhimili wa x unaelekea baharini, wa y unaelekea juu, sifuri ni uso wa maji, saa inaanza anapouacha ukuta."

Sasa herufi, namba bado. Kimo ni h, kasi ya mbio ni u, mchapuko wa mvutano ni g. Upande wa x hakuna kani, basi u haibadiliki. Upande wa y anaanza kushuka kutoka sifuri, kwa hiyo muda ni kipeuo cha pili cha 2h/g, na mraba wa kasi ya kushuka ni 2gh. Kasi nzima v unaipata kwa Pythagoras: v² = u² + 2gh. Kabla ya kuitia namba, ihoji. Kimo kikiwa sifuri, v inakuwa u; sawa. Mbio zikiwa sifuri, ni kuanguka wima, sawa. Vipimo vya kushoto na kulia vinalingana, sawa. Hapo ndipo utie namba, na kwa huku kwetu g ni 9.78: muda ni sekunde 0.90, anaangukia mita 4.5 kutoka ukutani, anaingia majini kwa mita 10.2 kwa sekunde.

Wengi hufunga daftari hapa. Wewe geuza ukurasa ulifanye swali lile lile kwa mtazamaji mwengine. Mashua inaondoka ufukweni kwa mita 5 kwa sekunde, upande ule ule anaokimbilia kijana, na baharia anamwangalia. Kwa baharia, kijana haendi mbele hata kidogo. Anaanguka wima, na anaingia majini kwa mita 8.8 kwa sekunde, si 10.2. Nenda kwenye nishati ya mwendo: kwa kila kilo ya mwili wake, wewe wa ukutani unahesabu jouli 12.5 mwanzo na 51.6 mwisho, baharia anahesabu sifuri mwanzo na 39.1 mwisho. Nani mkweli? Wote wawili. Sasa toa 12.5 kwenye 51.6, unabaki na 39.1. Nishati yenyewe hamkubaliani, nyongeza yake mnakubaliana. (Nikuachie kazi: kama upepo ungekuwa unamsukuma kijana kuelekea baharini, hata nyongeza msingekubaliana. Tafuta sababu kabla ya kulala. Imo katika umbali ambao kani imekwenda pamoja naye.)

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika mnayokubaliana wewe na baharia: masi ya kijana, kani, mchapuko, kimo cha ukuta, muda wa kuanguka. Kulia andika msiyokubaliana: kasi, momentamu (masi mara kasi), nishati ya mwendo, umbo la njia, maana kwako njia imepinda na kwake imenyooka. Fanya jedwali hili kwa kila swali la mekanika kuanzia wiki hii, ajali ya magari mawili, mpira ukutani, mtumbwi kwenye mkondo, chochote. Mwanzoni litakuchukua muda mrefu kuliko swali lenyewe, na ndivyo inavyotakiwa.

Angalia sasa muda umekaa wapi. Uko kushoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Newton alikuwa wazi juu ya hili: mwaka 1687 aliandika kwamba muda wa kweli unakwenda sawasawa bila kutegemea kitu chochote cha nje. Einstein hakuja kulichana jedwali lako. Alikuja kuhamisha vitu. Muda na urefu vinatoka kushoto vinakwenda kulia, na vitu vipya vinaingia kushoto kushika nafasi yao. Uhusianifu maalumu wote ni uhamisho huo na matokeo yake. Aliyeizoea ile safu ya kulia, akakubali bila kugombana kwamba nishati ni 51.6 kwa mmoja na 39.1 kwa mwengine, hashtuki sana anapoambiwa kwamba na saa nazo zimehamia huko.

Neno moja juu ya ile 9.78, maana najua umeiona na umezoea 9.81. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, akaikuta inachelewa karibu dakika mbili na nusu kwa siku. Ikabidi pendulamu ifupishwe karibu milimita 3. Newton aliutumia ushahidi huo. Cayenne iko kama nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, na Wete kwenu ni kama nyuzi 5 kusini, kwa hiyo alichokiona Richer kule ni cha kwenu pia. Sababu ni kwamba dunia imetanuka kiunoni na tena inazunguka. Ardhi ya Pemba inakupeleka mashariki kwa zaidi ya mita 460 kwa sekunde huku inakupindisha kidogo kidogo, maana yake hata mtu aliyesimama ufukweni si mtazamaji mtulivu kabisa. Mzunguko huo peke yake unaipunguza g yetu kwa kama mita 0.03 kwa sekunde mraba. Ning'iniza kufuli kwa uzi wa mita 1 dahalia, uhesabu bembea 100. Inatakiwa upate karibu sekunde 200.9; kwa g ya vitabu ingekuwa 200.6. Ukikosea urefu wa uzi kwa milimita 3 tu, tofauti yote imekupotea. Lifanye hata hivyo, kisha ukae uandike kila kosa la kipimo linalowezekana na ukubwa wake.

Turudi baharini. Mwaka 1632 Galileo aliandika jambo ambalo mtu wa visiwani analijua bila kufundishwa. Jifungie ndani ya merikebu, chini, pamoja na vipepeo, samaki kwenye bakuli, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone kwenye chombo kilicho chini yake. Merikebu ikitulia, yaangalie. Kisha iende kwa kasi yoyote, mradi haiyumbi na haibadilishi mwendo: matone yanadondokea pale pale, vipepeo havirundikani upande wa nyuma, samaki wanaogelea kila upande kwa urahisi ule ule. Umepanda boti kutoka Mkoani siku ya bahari shwari. Ukifumba macho hujui kama mnakwenda au mmefunga gati. Alichosema Galileo ni kwamba hakuna jaribio la mwendo utakalolifanya humo ndani likakwambia kasi yenu. Hiyo ndiyo kanuni ya uhusianifu, na imemtangulia Einstein kwa miaka zaidi ya 270.

Kilichotia tabu ni mwanga. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell alipata kutoka milinganyo ya umeme na sumaku kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na milinganyo ile haisemi ni kwa mtazamaji gani. Wanafizikia wakaliuliza swali lile lile ninalokuhimiza uliulize, wakajijibu kwamba ni kwa mtazamaji aliyetulia ndani ya etha, kitu walichodhani kimejaa angani kote na ndicho kinachobeba mwanga. Mwaka 1887 Michelson na Morley waliutafuta mwendo wa dunia ndani ya etha hiyo, kule Cleveland, wasiuone. Mwaka 1905 Einstein, mkaguzi wa hataza mjini Bern mwenye miaka 26, aliweka sentensi mbili. Ya kwanza, kanuni ya Galileo ni ya kweli kwa kila kitu, mwanga ukiwemo. Ya pili, kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila mtazamaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika. Hesabu zinazofuata hazizidi aljebra uliyoimaliza kidato cha nne.

Hapa ndipo nakuomba ukae sana. Usianze na kisa cha mapacha, wala na saa ya vioo viwili, ingawa vitabu vingi vinaanzia hapo. Wahenga wamesema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi na sisi tuanzie ngamani, katikati ya chombo, twende tezi, yaani nyuma, na omo, yaani mbele.

Jahazi lina urefu wa mita 40 kwa waliomo ndani, na linapita mbele ya ufukwe uliosimama wewe. Baharia amekaa katikati kabisa. Kwanza anarusha mawe mawili kwa mpigo mmoja, moja kuelekea omo, jengine kuelekea tezi, kwa kasi moja kwake yeye. Kwake yanafika pamoja, kila jiwe limekwenda mita 20. Na kwako? Omo inalikimbia jiwe lake, lakini jiwe hilo limebeba kasi yake pamoja na ya jahazi. Tezi inalijia jiwe lake, lakini jiwe hilo limepunguziwa kasi ya jahazi. Kwa hesabu ya Newton vinafidiana sawasawa, na kwako pia yanafika pamoja. Liandike kwa herufi, usiniamini kwa maneno.

Sasa aache mawe, awashe taa. Kwake mwanga unafika tezi na omo pamoja, hapo hakuna ubishi. Kwako, omo bado inaukimbia mwanga na tezi bado inaujia. Lakini safari hii hakuna fidia, kwa sababu sentensi ya pili imekukataza kuongeza na kupunguza: mwanga wa mbele hauendi haraka zaidi, na wa nyuma hauendi polepole zaidi. Basi lazima tezi iupate mwanga kwanza. Matukio mawili yaliyotokea wakati mmoja kwa baharia, kwako hayakutokea wakati mmoja, na hakuna aliyekosea wala saa iliyoharibika. Usidhani ni habari ya mwanga kuchelewa kufika machoni pako. Umepanga saa ufukweni kote, umezioanisha, na kila moja imeandika tukio lililotokea pale pale ilipo.

Isome tena aya hiyo mpaka uweze kumweleza mwenzako wa dahalia bila karatasi. Saa zinazokwenda polepole na vyombo vinavyofupika vinatokana na jambo hili. Anayerukia kwenye fomula za saa na urefu kabla ya kulikubali hili ndiye anayekwenda kuwaambia wadogo zake kwamba somo ni la kukariri.

Tutie namba. Jahazi linakwenda 0.6 ya kasi ya mwanga. Gama, yaani 1 gawa kwa kipeuo cha pili cha 1 − v²/c² (v ni kasi ya jahazi, c ni kasi ya mwanga), inakuwa 1.25. Muda nao tuupime kwa mita: mita 1 ya muda ni muda ambao mwanga unautumia kwenda mita 1. Kwa baharia, mwanga unafika kote kuwili baada ya mita 20 za muda. Kwako jahazi limefupika kwa gama, lina urefu wa 40 gawa 1.25, yaani mita 32, na kila nusu ni 16. Mwanga na tezi vinakaribiana kwa 1.6, basi vinakutana baada ya 10. Mwanga unaifukuza omo kwa 0.4, basi unaifikia baada ya 40. Tofauti ni mita 30 za muda, yaani nanosekunde 100. Na mahali je? Mwanga uliokwenda kwa muda wa 10 umefika mita 10 nyuma ya pale taa ilipowashwa. Uliokwenda kwa muda wa 40 umefika mita 40 mbele. Kati ya matukio hayo mawili, kwako, pana mita 50.

Fanya hesabu hii kwa mkono wako. Kwako: mraba wa umbali kutoa mraba wa muda, 2500 kutoa 900, ni 1600. Kwa baharia: umbali ni 40, muda ni sifuri, 1600 kutoa sifuri, 1600. Umbali hamkukubaliana, muda hamkukubaliana, na hapa mmekubaliana. Hiki ndicho kinachoingia safu ya kushoto pamoja na kasi ya mwanga, na mimi nakiita mwachano wa matukio. Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hisabati Zürich, ndiye aliyelisimamisha somo zima juu yake mwaka 1908. Chukua karatasi ya miraba, weka umbali mlalo na muda wima, vyote kwa mita, uchore tezi, omo, na mistari miwili ya mwanga kwa nyuzi 45. Mchoro huo mmoja utakutatulia mafumbo mengi kuliko ukurasa wa fomula.

Utaniuliza mbona hatuyaoni haya bandarini. Boti ya mita 15 kwa sekunde ina gama inayozidi 1 kwa kama 1.25 gawa kwa milioni bilioni. Katika safari ya saa 2, saa yako itaachana na ya aliyebaki gatini kwa sehemu 9 za trilioni ya sekunde. Mwanga wenyewe katika muda huo haujafika hata milimita 3. Ndiyo maana Newton anatutosha kwa boti, na ndiyo maana kila jibu lako la uhusianifu lazima, kasi ikiwa ndogo, lirudi kuwa la Newton. Kama halirudi, umekosea, na umelijua kosa bila kumuuliza mtu.

Ila vipo vitu vinavyotuonyesha hapa hapa. Mionzi kutoka anga za mbali inagonga hewa juu sana, kilomita 10 na zaidi, na kuzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata ingekwenda karibu na kasi ya mwanga, kwa hesabu za zamani ingefika kama mita 660 tu kabla ya kufa. Lakini zinatua ufukweni, karibu moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Unaposoma hapa zinapita kwenye kiganja chako. Kwa kasi ya 0.998 ya mwanga gama ni karibu 15.8, na 660 inakuwa zaidi ya kilomita 10. Wewe unasema saa ya muoni inakwenda polepole. Mtu anayesafiri na muoni angesema saa yake iko sawa, ila hewa ndiyo imefupika kuwa mita mia sita na kitu. Ziweke sentensi hizo mbili safu ya kulia. Kwamba chembe imetua mchangani, hilo ni la kushoto.

Mambo mawili ya kujihadhari. Ukikutana na kitabu kinachosema masi inaongezeka kwa kasi, usikitupe, lakini usikifuate kwa hilo. Masi iache kushoto ilipokuwa, haibadiliki. Andika momentamu kuwa gama mara masi mara kasi, na nishati kuwa gama mara masi mara c². Na ukisikia mtu anasema Einstein amethibitisha kwamba kila kitu kinategemea mtazamaji, mwonyeshe safu yako ya kushoto.

Kuhusu ratiba. Mekanika yenu itapita kwenye mwendo, kani, kazi na nishati, momentamu, mzunguko, mtikisiko. Kwa uhusianifu unahitaji fremu za watazamaji, momentamu na nishati, basi. Mzunguko wa vitu vigumu unawaumiza wengi mwaka wa kwanza. Usome kwa ajili ya mtihani wake, lakini usiuache ukushikilie ukaingia muhula ujao umekata tamaa. Kwa hisabati, kalkulasi ya kidato cha sita inakutosha kuanzia, ongeza vekta na upanuzi wa (1 + x) kwa kipeo chochote x ikiwa ndogo. Huo wa mwisho utautumia kila siku: gama kwa kasi ndogo ni 1 + v²/2c², na ukiizidisha kwa mc² unaona nusu ya mv² ya Newton inatokea yenyewe baada ya mc².

Video za mtandaoni ziangalie, lakini swali likishasomwa, simamisha. Funga simu, chora, andika mtazamaji, fanya mpaka ukwame kikweli, ndipo uendelee. Saa moja kila siku baada ya swala ya alfajiri inazaa kuliko Jumapili nzima. Na tafuta wenzako wawili, si zaidi, mpeane zamu ya kueleza ubaoni kwa Kiswahili, bila fomula dakika tano za mwanzo. Mtihani utaandika kwa Kiingereza, lakini ukishindwa kulisema jambo kwa lugha unayoiota, hujalielewa.

Nakupa swali la kuingia nalo muhula ujao. Chembe mbili, kila moja ina masi 1, zinakuja uso kwa uso, kila moja kwa 0.6 ya kasi ya mwanga. Zinagongana na kugandana kuwa kitu kimoja. Tafuta masi ya kitu hicho kwanza kwa mtazamaji aliyesimama katikati, kisha kwa mtazamaji anayesafiri na mojawapo ya zile chembe kabla ya mgongano. Kwa huyu wa pili utahitaji kwanza kasi ya chembe ya pili, na si 1.2. Momentamu na nishati ni zile nilizokuandikia juu, c ifanye 1, na masi ni kipeuo cha pili cha mraba wa nishati kutoa mraba wa momentamu. Jibu ni 2.5 kwa wote wawili, wala si 2. Ukilipata, niandikie unieleze ile 0.5 imetoka wapi. Usipolipata, niandikie vile vile na uniletee ukurasa wenyewe pamoja na mchoro, tuone ni mstari gani umekukwamisha.